Kianzishi: Programu ya Kwanza Katika Mashine Iliyo Mbali

Mtu asikiapo neno kompyuta, aghalabu huona akilini mwake skrini, kibodi na mtu aliyeketi mbele yake. Lakini kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazina skrini wala kibodi, na wanaozitumia hawajui kwamba wanazitumia. Zimo ndani ya mita ya umeme, pampu ya maji, mashine ya kupima damu na taa ya sola. Kompyuta ya namna hiyo, iliyofungwa ndani ya chombo ili ifanye kazi ya chombo hicho peke yake, huitwa kompyuta pachikwa.

Mwaka 2024 wateja wa umeme wa LUKU nchini Tanzania walilijua jambo hili kwa vidole vyao. Kila tokeni ya umeme hubeba namba ya wakati, ambayo huhesabiwa kwa dakika. Hesabu iliyokuwa ikitumika ilianzia tarehe 1 Januari 1993, na namba hiyo imetengewa nafasi ya biti 24 tu. Biti 24 hutosha dakika 16,777,216, yaani pungufu kidogo ya miaka 32. Basi ilikuwa lazima ziishe, nazo zilifikia kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo mteja alipewa, pamoja na tokeni ya kawaida, mafungu mengine mawili ya tarakimu 20, akayabonyeza mwenyewe, na mita ikaanza hesabu mpya. Mabadiliko makubwa yalifanyika ndani ya kompyuta ndogo iliyo ukutani, na aliyeyafanya hakuwa fundi.

Hayo yaliwezekana kwa sababu mbele ya kila mita palikuwa na mtu mwenye haja ya umeme. Ziko mashine nyingine ambazo mbele yake hakuna mtu, na ndizo zinazozungumzwa hapa.

KITUO CHA KUPIMA MTO

Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu huungana katika mkondo mmoja, na karibu na bahari mkondo huo hugawanyika tena kuwa mikono mingi katikati ya mikoko. Wakulima wa bonde hili tangu zamani hawakuyachukia mafuriko yote. Kilimo cha mlau hutegemea unyevu unaoachwa na maji yanapopungua. Wanachohitaji ni kujua maji yatafika wapi na lini. Mwezi Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na haja hiyo ikaonekana wazi kwa kila mtu.

Kwa desturi kimo cha mto hupimwa kwa ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa majini. Msoma vipimo huenda kuutazama asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Njia hiyo ni nzuri, na haifai kudharauliwa. Lakini mto unaweza kupanda usiku, na daftari halisafiri haraka. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa, mbali sana na mikoko.

Basi ichukuliwe mashine ya mfano, inayokusudiwa kusimikwa kwenye mkondo wa maji upande wa delta. Inayo kihisi cha kupima kimo cha maji, kamera ndogo ya kuupiga picha ubao wa kipimo ili namba za kihisi ziweze kuhakikiwa, modemu ya simu ya kupeleka habari, betri na paneli ya jua. Moyo wake ni kompyuta ndogo ya saketi moja iitwayo BeagleBone Black, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, yenye prosesa ya aina ya ARM iliyotengenezwa na kampuni ya Texas Instruments na kumbukumbu kuu ya MB 512.

Mhandisi mwangalifu atauliza kwanza kama kompyuta ya ukubwa huo inahitajika. Swali ni la haki. Kama kazi ingekuwa kusoma kihisi na kutuma namba moja kila robo saa, prosesa ndogo kabisa ingetosha, tena kwa umeme kidogo zaidi. Programu ya mwanzo katika saketi ya Arduino Uno, iitwayo Optiboot, huenea katika baiti 512. Ni kamera na utunzaji wa picha vinavyolazimisha mashine kubwa yenye mfumo endeshi wa Linux. Na pakishakuwa na Linux, hapana budi pawe na programu nyingine itakayotangulia kuiamsha.

SEKUNDE ZA KWANZA

Prosesa inapopata umeme haijui chochote. Haijui kuna kadi ya kumbukumbu, haijui faili ni nini, wala haiwezi kutumia kumbukumbu kuu iliyo pembeni yake. Inachoweza kufanya ni kuanza kutekeleza amri zilizopo katika anwani moja iliyowekwa na mtengenezaji. Katika anwani hiyo mna programu iliyochongwa ndani ya prosesa yenyewe kiwandani, isiyoweza kufutwa wala kubadilishwa. Programu hiyo huitwa ROM.

Kazi ya ROM ni kutafuta programu ya pili na kuipakia. Lakini wapi itaiweka? Kumbukumbu kuu ya MB 512 bado haifanyi kazi, kwa sababu ni lazima kwanza ipewe vipimo vya mwendo: isomwe kwa kasi gani, ihuishwe kila baada ya muda gani, ingoje kiasi gani kati ya amri na jibu. Vipimo hivyo hutofautiana saketi kwa saketi, na ROM haivijui. Iliyo tayari ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Katika prosesa hii nafasi inayopatikana kwa programu ya pili ni KB 109 tu, nayo haitoshi hata kianzishi kamili.

Ndiyo maana kianzishi hugawanywa vipande viwili. Bandarini ambako maji ni mafupi, jahazi hungoja mbali na shehena hushushwa kwa mashua ndogo. Mashua haibebi vyote, bali hufungua njia. Kipande cha kwanza, ambacho katika prosesa hii hupewa jina la faili MLO, huingia katika KB 109 zile, huipa kumbukumbu kuu vipimo vyake, kisha hupakia humo kipande cha pili kilicho kikubwa. Kipande cha pili ndicho kianzishi kamili. Hicho hujua kusoma mafaili, hujua kuzungumza na mtu kwa waya, na hujua kuamua. Mwisho hukipakia kiini cha Linux, hukikabidhi maelezo ya saketi, na hujiondoa. Tangu umeme ulipoingia zimepita sekunde chache tu.

Kianzishi kinachotumika zaidi katika kompyuta za aina hii ni U-Boot. Kazi yake ilianzia katika programu ya prosesa za PowerPC iliyoendelezwa na mhandisi Mjerumani Wolfgang Denk, na jina la sasa lilipatikana mwaka 2002. Jina lenyewe ni mzaha wa Kijerumani, kwani U-Boot ni nyambizi. Programu hii hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya asili, na yeyote aweza kuyasoma, kuyabadili na kuyatumia.

KUUNDA HUKU, KUTUMIA KULE

Delta ya Rufiji inayo habari ya kale inayofanana na kazi ya kuunda kianzishi. Mwezi Septemba 1914, baada ya kuipiga manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha deltani ikiwa na mitambo mibovu. Kati ya mikoko hapakuwa na karakana. Sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikavutwa na wapagazi nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa huko, kisha zikarudishwa deltani na kufungwa mahali pake. Jasho la wapagazi hao halikuandikwa sana vitabuni. Meli yenyewe iliishia humo humo mtoni mwezi Julai 1915. Fundi wa karakana hakuhitaji meli iwepo mbele yake. Alihitaji vipimo vya meli, na alipaswa kuvifuata hivyo na siyo vipimo vya mashine alizozizoea.

Kuunda programu ya kompyuta pachikwa hufanyika vivyo hivyo. Maandishi ya U-Boot yameandikwa kwa lugha ya C, ambayo binadamu huisoma. Prosesa haiisomi. Hapana budi programu nyingine, iitwayo kompaila, iyafasiri maandishi hayo kuwa amri za namba. Shida ni kwamba kila ukoo wa prosesa una lugha yake ya namba. Mathalani amri ya kumaliza kazi na kurudi ilikotoka: katika prosesa za kompyuta nyingi za mezani huandikwa kwa baiti moja, C3 kwa hesabu ya kumi na sita; katika prosesa ya ARM ya biti 32 huandikwa kwa baiti nne, E12FFF1E. Prosesa moja ikipewa amri za nyingine haitasema kwamba haikuelewa vizuri. Itatekeleza upuuzi, au itasimama.

Kompaila ya kawaida hufasiri kwa lugha ya kompyuta ile ile inayoiendesha. Kompaila mtambuka huendeshwa na kompyuta ya aina moja na kutoa amri za aina nyingine. Msomaji aweza kuuliza kwa nini kazi isifanyike ndani ya BeagleBone yenyewe. Kwa programu za kawaida yawezekana, ingawa kwa mwendo wa kobe. Kwa kianzishi cha saketi mpya haiwezekani, maana kompaila huhitaji mfumo endeshi, mfumo endeshi huhitaji kianzishi, na kianzishi ndicho kinachotafutwa.

Katika kompyuta ya karakana yenye Linux, kazi yote ni mistari mitatu:

make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- am335x_evm_defconfig
make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- menuconfig
make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-

Kistari kilicho mwishoni mwa jina la kompaila si kosa la chapa. Jina hilo ni kiambishi, na U-Boot hukitanguliza mbele ya kila chombo inachokiita: gcc cha kufasiri, ld cha kuunganisha, objcopy cha kutoa namba tupu. Jina lenyewe husomeka kipande kwa kipande: arm ni ukoo wa prosesa, linux ni mfumo ambao kompaila hiyo ilikusudiwa, gnueabi ni mapatano ya jinsi sehemu moja ya programu inavyoipa nyingine namba, hf ni alama kwamba hesabu za desimali hufanywa na saketi maalumu. Kianzishi hakisimami juu ya Linux, hivyo kompaila iliyokusudiwa mashine tupu, arm-none-eabi, nayo hufaa.

Jambo moja huwachanganya wanaoanza. Katika kazi hii hutumika kompaila mbili kwa wakati mmoja. Baadhi ya programu ndogo zinazoambatana na U-Boot, kama ile ya kufungasha faili la mwisho na kulitia kichwa cha habari, hazikusudiwi mtoni. Zinafanya kazi karakanani, na hivyo hufasiriwa kwa lugha ya kompyuta ya karakana. Asiyejua hilo aonapo kompaila ya kawaida ikiitwa hudhani mambo yameharibika, akaanza kurekebisha kisichohitaji kurekebishwa. Njia ya kupata hakika ni kuuliza faili lenyewe. Amri ya readelf -h u-boot hutoa maelezo ya faili lililoundwa, na katika mstari wa mashine pawe na neno ARM.

KUSANIDI

Mstari wa kwanza kati ya mitatu hiyo huchukua usanidi uliotayarishwa na waliotangulia kwa ajili ya ukoo huu wa saketi. Humo tayari mna vipimo vya kumbukumbu kuu, na mwenye kuanza asiviguse. Usanidi huo hufanya kazi vizuri mezani. Lakini ulitayarishwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya mashine, mwenye kebo, na anayetaka kuizuia katikati ya safari ili aitazame. Mashine ya mtoni ina hali nyingine kabisa, na mstari wa pili, unaofungua orodha ya machaguo, ndio mahali pa kuibadilisha.

La kwanza ni kungoja. Kwa kawaida U-Boot, kabla ya kuipakia Linux, hungoja kwa sekunde mbili hivi. Mtu akibonyeza kitufe chochote ndani ya muda huo, husimama na kungoja amri. Itangoja saa moja, au siku nzima, au masika yote. Hakuna mtu mtoni wa kubonyeza, lakini waya wa kupokea herufi upo. Waya usiofungwa popote huokota mawimbi kama antena, na mawimbi hayo huweza kuonekana kama herufi. Hatari huwa kubwa zaidi modemu ikiunganishwa kwenye waya huo huo, kwa kuwa modemu nyingi zikipata umeme hutoa maneno ya salamu. U-Boot husikia herufi, hudhani ni mtu, na husimama kwa adabu kungoja amri isiyokuja. Fundi atakayefunga safari ya kwenda kuitazama mashine hiyo ataikuta nzima, betri imejaa, na akiunganisha kebo yake ataona alama ya kungoja amri ikimkodolea macho. Dawa ni kuweka CONFIG_BOOTDELAY kuwa -2, yaani isingoje wala isisikilize kabisa. Anayetaka kubakiza mlango wa fundi achague njia ya kudai neno la siri badala ya herufi yoyote. Tena modemu ipewe waya wake peke yake.

La pili ni mlinzi. Ndani ya prosesa mna saa ya mlinzi, ambayo isipoguswa kwa muda uliowekwa huiwasha mashine upya kwa nguvu. ROM ya prosesa hii huiwasha saa hiyo kwa muda wa dakika tatu. Kianzishi kikiizima ili kisisumbuliwe, basi Linux ikikwama wakati wa kuamka hakuna wa kuiokoa. Inafaa saa hiyo iachwe hai mfululizo, kianzishi kiiguse, kisha Linux ipokee zamu.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kuhesabu majaribio.

NAKALA MBILI NA DAFTARI MOJA

Mashine itakayokaa miaka mtoni itahitaji Linux mpya mara kwa mara, na programu hiyo itapelekwa kwa modemu. Busara ni kutenga hifadhi kuwa sehemu mbili. Nakala inayofanya kazi iko A. Mpya huandikwa B bila kuigusa A. Ikiisha kuandikwa, kianzishi huambiwa kijaribu B. Isipofaa, kirudi A.

Lakini kianzishi kitajuaje kwamba B haikufaa? Chenyewe hujiondoa Linux inapoanza, na hakioni kinachotokea baadaye. Jibu ni hesabu. Kila mara mashine inapowashwa, kianzishi huongeza moja katika namba ya majaribio. Linux ikiisha kusimama vizuri huirudisha namba hiyo kuwa sifuri. Ikikwama, mlinzi huiwasha mashine upya, na namba huongezeka. Ikipita kikomo, kianzishi huacha njia ya kawaida na kufuata njia ya akiba. Katika daftari la kianzishi huandikwa hivi:

bootlimit=3
upgrade_available=1
altbootcmd=run rudi_zamani

Hapo rudi_zamani ni jina lililotungwa na mhandisi kwa amri za kupakia nakala A. Kwa kikomo cha 3, jaribio la nne ndilo linalorudi A.

Swali linalofuata ni namba hiyo itunzwe wapi. Usanidi wa prosesa hii hutoa njia rahisi: rejista ndogo iliyo katika saa ya ndani. Ni ya haraka na haichakazi hifadhi. Lakini rejista hiyo katika BeagleBone Black haina betri yake. Umeme ukikatika kabisa, namba hupotea. Katika mashine ya umeme wa jua kosa hili ni baya kuliko linavyoonekana. Ichukuliwe kwamba programu mpya ina hitilafu ya kula umeme mwingi. Betri huisha usiku na mashine huzimika. Asubuhi jua hutoka, mashine huwaka, namba ni sifuri tena, B hujaribiwa tena, na betri huisha tena. Mzunguko huo hauna mwisho, ilhali nakala nzima ya A imelala pembeni bila kuulizwa. Kwa hiyo namba itunzwe katika hifadhi isiyopotea. Chaguo liitwalo CONFIG_BOOTCOUNT_ENV huiandika katika daftari la kianzishi, na ili hifadhi isichakae kwa kuandikwa kila siku, huhesabu tu wakati upgrade_available ni 1, yaani wakati programu mpya iko katika majaribio.

Daftari lenyewe liwe na nakala mbili. Likiwa moja, na umeme ukakatika katikati ya kuandika, litabaki nusu. Kila nakala hubeba jumla ya kuhakikisha ambayo hukokotolewa kutokana na baiti zake zote. Kianzishi hukokotoa upya na kulinganisha, na nakala isiyolingana huachwa. Kwa kuwa huandikwa moja tu kwa wakati mmoja, daima ipo moja iliyo nzima.

Na Linux itasema lini kwamba imesimama vizuri? Wengi huweka amri ya kurudisha sifuri mara tu mfumo endeshi unapomaliza kuamka. Hilo halitoshi. Mashine yaweza kuamka vizuri sana huku modemu imekufa kwa ajili ya programu mpya, na ikawa haipokei tena maagizo kutoka popote. Kipimo cha haki ni kazi yenyewe: kihisi kisomwe, kimo cha maji kitumwe, na jibu la kupokelewa lirudi. Hapo ndipo namba ifutwe. Vivyo hivyo mlinzi aguswe na programu ya vipimo, wala asiguswe na programu isiyo na kazi nyingine ila kumgusa mlinzi. Lakini mtandao wa simu ukianguka kijijini kwa siku mbili nakala nzuri isihukumiwe kwa kosa la mnara. Kwa sababu hiyo majaribio ya programu mpya yafanyike wakati wa kiangazi, na muda wa kungoja jibu uwe mrefu.

Kianzishi chenyewe kisibadilishwe kwa modemu. Kila kosa lililoelezwa hapo juu huokolewa na kianzishi. Kosa la kianzishi halina wa kuliokoa isipokuwa mtu mwenye mashua na kebo. Afadhali kiwe cha zamani na kisichopendeza kuliko kuwa kipya.

KUKIWEKA NA KUKIONA

Faili MLO laweza kuandikwa katika hifadhi moja kwa moja, bila mfumo wa mafaili. ROM ya prosesa hii hulitafuta mahali panne: mwanzo kabisa, KB 128, KB 256 na KB 384. Mwanzoni pana jedwali la mgawanyo wa hifadhi. Kwa hiyo nakala moja ya MLO huwekwa KB 128, ya pili KB 256, na kianzishi kamili hufuata kuanzia KB 384. Sehemu ya kwanza ya hifadhi ikioza, ROM huendelea na ya pili yenyewe. Hifadhi iliyochomelewa katika saketi ni bora kuliko kadi ya kuchomeka, kwa sababu hewa ya chumvi ya delta hula miguso ya kadi. Kadi itumike karakanani tu, na anayeiandika kwa amri ya dd athibitishe jina la diski mara mbili. Amri hiyo haiulizi, na imefuta kompyuta nyingi za karakana.

Kinachofuata ni kuunganisha kebo ya mfululizo, mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, na kuwasha. Kinachoonekana hueleza mengi. Herufi C ikijirudia tu, CCCC, prosesa ni nzima na ROM inafanya kazi, ila haikupata MLO mahali popote, na sasa inaomba ipelekewe kwa waya. Neno U-Boot SPL likitokea kisha kimya, kipande cha kwanza kimefika lakini cha pili hakikupakiwa, na mara nyingi lawama ni ya vipimo vya kumbukumbu kuu au faili lisilokuwa mahali pake. Kianzishi kikijitambulisha kwa ukamilifu kisha kimya kianze kwa kiini, huenda herufi za Linux zinapelekwa kwenye waya mwingine na mashine haina ugonjwa wowote. Kusiwe na herufi hata moja, itazamwe kebo kwanza, kwa kuwa waya wa kutuma na wa kupokea hubadilishana mahali kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Mashine iliyowaka mara moja mezani haijathibitishwa. Karakanani umeme wake ukatwe kwa makusudi: wakati wa kuamka, wakati wa kuandika daftari, wakati B inapopokelewa nusu, usikatwe mara mbili tatu bali mara mamia, na saa ya kuzima na kuwasha ifanye kazi hiyo usiku kucha. Volti zipunguzwe polepole kama betri inayokufa jioni ya mawingu, maana prosesa iliyo kati ya uzima na kuzimika huandika mambo ya ajabu. Kisha B iharibiwe kwa kuijaza sifuri, daftari moja liharibiwe, nakala ya MLO iliyo KB 128 ifutwe, na kila mara itazamwe kama kimo cha maji kwenye ndoo iliyo chini ya meza kinaendelea kufika ofisini. Mvua za masika huanza mwezi Machi. Kazi hiyo iwe imekwisha mwezi Januari, ili Februari, kabla ya masika, nguzo isimikwe.